Nani Atambeba Abiria wa Kibondo?

Mwaka 2007 familia za Kirundi zilizokimbia mauaji ya mwaka 1972 zilianza kuondoka katika kambi za Kibondo, Kasulu na Ngara kwenda kuishi Marekani. Wazee wao walikuwa wamezeekea ukimbizini, na watoto wengi walikuwa wamezaliwa humo humo. Shirika la Kimataifa la Uhamiaji (IOM) liliwaandalia safari, na kabla ya kupanda ndege wakubwa wa familia walitia sahihi hati ya deni: nauli ile ilikuwa mkopo usio na riba, wa kulipwa kidogo kidogo baada ya kufika na kupata kazi. Mtu ambaye hajawahi kukata tiketi ya basi la kwenda Dar es Salaam alijikuta akidaiwa tiketi ya kuvuka bahari ya Atlantiki.

Habari hiyo inaonyesha vizuri jinsi ndege zilivyozifikia nyanda za juu za Kigoma. Zilikuja kwa ajili ya wakimbizi na watumishi wa misaada. Kambi ya Mtendeli ilipofunguliwa upya Januari 2016, katika eneo lililokuwa sehemu ya Kibondo kabla Kakonko haijawa wilaya, watumishi wa mashirika waliufahamu vizuri uwanja mdogo wa ndege wa Kibondo na ndege ndogo za kukodi zinazotua pale. Mwaka 2021 kambi ikafungwa, na Warundi waliobaki wakahamishiwa kambi ya Nduta. Mkulima wa muhogo wa Kakonko, mfanyabiashara wa maharage wa Kasulu na mrina asali wa Kibondo waliziona ndege hizo zikipita juu, kisha wakaenda zao stendi.

Na stendi ina historia yake. Kutoka Kibondo hadi Dar es Salaam, kwa kupitia Nyakanazi, Kahama, Singida na Dodoma, ni zaidi ya kilomita 1,200. Kuna miaka ambayo mabasi yalivuka mapori ya Kibondo na Biharamulo yakisindikizwa na askari wenye bunduki kwa hofu ya majambazi. Kwa miongo kadhaa mabasi yalikatazwa pia kusafiri usiku kucha, hivyo abiria wa mbali walilala njiani, mpaka Serikali ilipoondoa katazo hilo mwaka 2023. Mgonjwa anayepelekwa Muhimbili, mwanafunzi anayewahi chuo, mama anayekwenda kumzika ndugu yake: wote wamepita njia hiyo. Kwa ndege, kutoka Kigoma mjini hadi Dar es Salaam ni safari ya saa mbili na ushee.

Nani basi anaweza kumbeba abiria huyu, na kwa bei anayoimudu? Kwa sehemu kubwa ya miaka 30 iliyopita, jibu la Tanzania lilikuwa kampuni ya mtu binafsi.

Michael Shirima, mzaliwa wa Kilimanjaro, alifanya kazi East African Airways na baadaye Air Tanzania, kisha akaacha ajira na kuingia katika biashara ya kahawa. Mwaka 1991 alianzisha Precision Air. Ilipoanza kuruka mwaka 1993 ilikuwa na makao Arusha na ndege moja aina ya Piper Aztec, yenye injini mbili na nafasi ya watu watano, ikiwapeleka watalii mbugani na Zanzibar. Wakati huo shirika la umma lilikuwa likiyumba, na miji ya mikoani ilikuwa ikikaa bila ndege ya uhakika. Shirima aliiona nafasi hiyo. Kutoka watalii akahamia kwa abiria wa kawaida: mfanyabiashara wa Mwanza, mtumishi wa Serikali wa Tabora, mchuuzi wa Bukoba.

Silaha yake ilikuwa ndege ya pangaboi. ATR, inayoundwa Toulouse nchini Ufaransa, huja kwa saizi mbili: ATR 42 yenye viti kama 48 na ATR 72 yenye viti kama 70. Kwa mwendo haiifikii ndege ya jeti, lakini kwa safari fupi hunywa mafuta pungufu kwa kiasi kikubwa, na huridhika na njia fupi ya kuruka na kutua. Kwa nchi kama Tanzania hilo ni suala la kufa na kupona. Chukua siku ambayo abiria 30 tu wamejitokeza kwenda mji fulani wa mkoani. Ndani ya ATR 42 watu 30 wanajaza zaidi ya nusu ya viti, na safari inaweza kulipa gharama zake. Watu hao hao ndani ya Airbus A319 yenye viti 156 hawafikii hata robo ya ndege. Kampuni nyingi za Afrika Mashariki zimekufa kwa kutoiheshimu hesabu hiyo.

Precision iliiheshimu, na ikakua. Mwaka 2003 Kenya Airways ilinunua asilimia 49 ya hisa kwa dola milioni 2. Mwaka 2006 ikawa kampuni ya kwanza ya Tanzania kufaulu ukaguzi wa usalama wa IATA, yaani chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege. Mwaka uliofuata iliagiza ATR mpya saba, na Novemba 2012 ikawa ya kwanza duniani kukabidhiwa ATR 42-600. Kigoma nayo ilikuwa kwenye ratiba: kwa miaka mingi pangaboi za Precision zilitua pale, mara nyingi zikipitia Tabora kushusha na kupakia. Kupitia mji mwingine kulimchosha abiria wa Kigoma, lakini ndiko kulikoiwezesha njia hiyo kuwapo. Miji miwili yenye abiria wachache iliunganishwa ili ijaze ndege moja.

Mwishoni mwa 2011 kampuni iliuza hisa kwa umma kwa shilingi 475 kila moja na kuorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Hisa zilizotolewa hazikununuliwa zote. Fedha zilizotarajiwa hazikutimia, ilhali mikopo ya ndege mpya ilikuwa imekwisha kuchukuliwa, tena kwa dola, na abiria wanalipa kwa shilingi. Kila shilingi iliposhuka, deni lilipanda bila ndege hata moja kuongezwa. Kampuni ilikuwa pia imejaribu jeti, Boeing 737 za kukodi, na safari za mbali hadi Johannesburg, na jaribio hilo likaleta hasara. Sauda Rajab, mwanamke wa kwanza kuiongoza Precision, alikabidhiwa usukani mwaka 2013 akiwa na kazi ngumu ya kupunguza njia na kuirudisha kampuni katika kile inachokijua, yaani pangaboi na miji ya ndani.

Hapo inafaa kutazama China, nchi ambayo sola na simu zinazouzwa Kasulu hutoka, kwa kupitia Kariakoo na wafanyabiashara wanaokwenda Guangzhou. China nayo ilikuwa na anga la Serikali peke yake, kisha katikati ya muongo wa 2000 ikawafungulia mlango watu binafsi. Okay Airways ya Tianjin ndiyo iliyotangulia: tarehe 11 Machi 2005 ndege yake ilipaa kwenda Changsha. Miezi minne baadaye, tarehe 18 Julai, Spring Airlines ilianza safari kutoka Shanghai kwenda Yantai, tiketi za siku hiyo zikianzia yuan 199.

Mwanzilishi wa Spring, Wang Zhenghua, alikuwa mtumishi wa serikali ya mtaa Shanghai. Mwaka 1981 alifungua wakala wa utalii katika kibanda kidogo kabisa, akauza safari za ndani kwa watu wa kipato cha kawaida mpaka wakala wake ukawa mmojawapo wa wakubwa nchini. Kwa hiyo alipoanzisha ndege tayari alikuwa na abiria. Alichagua aina moja tu, Airbus A320, ili rubani yeyote arushe ndege yoyote na fundi yeyote afungue injini yoyote. Aliondoa chakula cha bure, akapunguza uzito wa mizigo, na akauza tiketi kwa mfumo wake mwenyewe badala ya kulipia ule wa pamoja unaotumiwa na mashirika ya Serikali. Mwaka 2006 Spring ilitoa tiketi za yuan 1 kwa safari ya Shanghai na Jinan, na mamlaka ya bei ya Jinan ikatishia kuitoza faini ya yuan 150,000. Wang alisafiri kwa daraja la kawaida, na alikuwa na sifa ya kubana matumizi hata pale ambapo hapakuwa na mtu anayemtazama. Januari 2015 hisa za Spring ziliingia katika Soko la Hisa la Shanghai.

Siri ya nauli ile ndogo haikuwa huruma. Ndege za Spring zilijaa zaidi ya asilimia 90 ya viti, na ziliruka kutoka alfajiri hadi usiku wa manane. Ndege iliyosimama ardhini inakula kodi ya mkodishaji kama ile iliyoko angani, kwa hiyo anayeirusha saa nyingi zaidi kwa siku hugawanya gharama hiyo kwa abiria wengi zaidi.

Kwa Tanzania, kisiki kikubwa kiko hapo. Viwanja vingi vya mikoani vimekaa miaka na miaka bila taa za njia ya kuruka na kutua, hivyo ndege hufika mchana tu. Jua likizama, pangaboi ya mamilioni ya dola inalala Dar es Salaam hadi asubuhi. Kampuni inayofanya kazi nusu ya siku haiwezi kutoza nauli ya kampuni inayofanya kazi siku nzima, hata ikiongozwa na Wang Zhenghua mwenyewe. Taa za uwanja hazizinduliwi kwa shangwe kama ndege mpya, na pengine ndiyo maana zimechelewa. Hata hivyo kwa abiria wa Kigoma zina uzito mkubwa kuliko rangi iliyopakwa kwenye mkia wa ndege.

China haikuwanusuru wote. Okay ilisimamisha safari kwa muda Desemba 2008 baada ya wanahisa wake kugombana. East Star ya Wuhan, iliyoanza kuruka mwaka 2006 kwa ndege za kukodi, ilizuiwa kuruka Machi 2009 na kufilisika mwaka huo huo, wakodishaji wa ndege wakidai chao. Spring ilisimama kwa sababu ilikuwa na Shanghai nyumbani, mji wenye mamilioni ya watu, na treni na mabasi ya kunyang'anyana nayo abiria. Okay, iliyoanzia Tianjin, iliwahi kuongeza pangaboi aina ya MA60 zinazoundwa Xi'an ili kuihudumia miji midogo. Hata huko, basi, mji mdogo ulihitaji ndege ndogo.

Tanzania ilipata jaribio lake la nauli ndogo. Tarehe 29 Novemba 2012 Fastjet ilianza safari za A319 kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza na Kilimanjaro, ikiungwa mkono na Stelios Haji-Ioannou, mwanzilishi wa easyJet ya Uingereza. Nauli zilianzia shilingi 32,000 kabla ya kodi na ada, kiasi kinachokaribiana na cha basi. Watu walifurika. Wengi walikuwa wanapanda ndege kwa mara ya kwanza, na Mwanza ikazoea kuona bibi mwenye kitenge na ndoo ya sato akisubiri foleni moja na mkurugenzi wa benki. Kwa miaka sita Fastjet ilithibitisha kwamba Mtanzania wa kawaida anataka kuruka, ila bei ndiyo humzuia.

Lakini haikuwahi kuja Kigoma kwa ukawaida ule. Jeti ya viti 156 ilihitaji miji inayojaza viti 156. Mwishoni mwa 2018, ikiwa na madeni na ndege chache, Fastjet Tanzania ilipewa notisi na Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA) ya kueleza kwa nini leseni yake isifutwe. Lawrence Masha, waziri wa zamani aliyekuwa amechukua sehemu kubwa ya hisa, alijaribu kuifufua akashindwa. Waliobaki na tiketi za Krismasi mkononi walirudi stendi.

Wakati huo Serikali ilikuwa imerudi angani kwa nguvu. Septemba 2016 Air Tanzania ilipokea Bombardier Q400 mbili, pangaboi za viti 76, na baada yake zikafuata Airbus A220 na Boeing 787. Q400 zilianza kutua Kigoma, na wakazi walizipokea kwa furaha ya haki kabisa. Kwa Precision ulikuwa ushindani wa aina nyingine, kwani mpinzani wake hanunui ndege kwa mkopo wa benki za biashara, na hasara yake inabebwa na bajeti ya nchi. Wapo wanaosema kampuni binafsi haina haki ya kulalamika, kwa kuwa kazi ya Serikali ni kuwafikia wananchi. Hoja hiyo ina nguvu. Lakini shirika la umma nalo husitisha safari injini zikikosekana au ndege zikipelekwa matengenezo, na mji unaotegemea mbebaji mmoja hukwama pamoja naye. Kigoma imelionja hilo zaidi ya mara moja tangu Air Tanzania ilipozaliwa mwaka 1977 baada ya East African Airways kuvunjika. Mkoa ulio mwisho wa reli unahitaji wabebaji wawili.

Yapo pia maumivu yasiyohusu hesabu. Asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022 ATR 42 ya Precision iliyotoka Dar es Salaam ikiwa na watu 43 ilianguka Ziwa Victoria katika hali mbaya ya hewa, ikikaribia kutua Bukoba. Watu 19 walifariki na 24 wakaokolewa, wa kwanza kuwafikia wakiwa wavuvi kwa mitumbwi yao. Nchi nzima iliona picha za mkia wa ndege ukiwa nje ya maji na watu wakiivuta kwa kamba kutoka ufukweni. Ajali hiyo ilifichua jinsi viwanja vya mikoani vinavyokosa boti, vifaa na mafunzo ya uokoaji, na Kigoma, mji mwingine wa ziwani, ina kila sababu ya kuuliza boti yake ya uokoaji iko wapi. Juni 2025 Umoja wa Ulaya ulizizuia kampuni zote za ndege zilizoidhinishwa Tanzania kuingia anga lake, ukitaja udhaifu wa usimamizi wa usalama. Precision hairuki kwenda Ulaya, lakini zuio hilo humfanya mtalii wa Ulaya asite kupanda ndege ya ndani, na mtalii huyo ni sehemu ya mapato yanayosaidia safari za mikoani.

Mwanzilishi wake hakuliona zuio hilo. Shirima alifariki Juni 2023, akiwa ameiacha kampuni ikiruka, jambo ambalo waanzilishi wengi wa mashirika ya ndege barani Afrika hawakulifanikisha.

Turudi Kibondo. Njia rahisi ya kuwafurahisha watu ni kuwaahidi uwanja mkubwa wilayani. Ukweli ni kwamba uwanja wa Kibondo kwa sasa unafaa ndege kama Cessna Caravan, yenye injini moja na abiria wasiozidi 13, ambayo hutua kwenye udongo bila shida. Ndizo pia zinazowapeleka watalii Mahale kuwaona sokwe. Kwa mgonjwa wa dharura na kwa chanjo inayoharibika kwa joto, Caravan ni msaada mkubwa, na uwanja huo unastahili kufyekwa na kutunzwa kwa ajili hiyo tu. Ila gharama ya marubani, mafuta na matengenezo ikigawanywa kwa watu 13, mwuza maharage hayumo katika hesabu hiyo.

Kinachoweza kumwingiza ni lami. Barabara ya kutoka Kabingo wilayani Kakonko, kupitia Kibondo na Kasulu hadi Manyovu mpakani na Burundi, zaidi ya kilomita 260, imejengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Abiria wa Kasulu yuko kiasi cha kilomita 90 kutoka Kigoma mjini. Wa Kibondo yuko mbali zaidi, lakini akitoka alfajiri anafika uwanjani kabla ya adhuhuri, katika safari ambayo zamani, msimu wa mvua, ilikula siku nzima kwa matope. Kwa kampuni ya ndege maana yake ni kwamba Kigoma sasa si mji mmoja. Ni Kigoma, Kasulu, Buhigwe, Kibondo na Kakonko pamoja, na hata Warundi wa upande wa pili wa Manyovu wenye biashara Dar es Salaam. Abiria 30 wanaweza kuwa 45.

Faida hiyo haitajileta yenyewe. Ratiba ya ndege ya Kigoma ikiwekwa asubuhi mno, mtu wa Kibondo atalazimika kulala gesti mjini, na bei ya gesti na chakula itameza nafuu yote. Ndege ya alasiri ingemfaa, mradi uwanja uwe na taa za kutua iwapo itachelewa. Tiketi nazo huwa nafuu kwa anayenunua mapema, ilhali mkulima hupata fedha akishauza mavuno, na huamua safari juzi kwa kesho. Spring ilianza na wakala wa utalii uliowajua wateja wake kabla ya kununua ndege. Huku wanaowajua abiria ni wakatisha tiketi wa mabasi, na hakuna kampuni ya ndege iliyozoea kukaa nao meza moja. Ingekaa nao, basi la alfajiri kutoka Kakonko na ndege ya mchana vingeuzwa kwa tiketi moja, ikalipiwa kwa simu pale pale stendi ya Kasulu, na ATR 42 ya viti 48 ingetosha kuanzia, mara tatu kwa wiki, hata kama itabidi ipitie Tabora.